Ngoswe si wa madesa

Mwandishi anayetaka walimu wa fasihi wa Tunduma wakomee kwenye "dhamira zilizokubalika", ati mtihani usahihishwe kwa haki, anaitafuta haki pasipo. Swali la mtihani wa fasihi humtaka mtahiniwa athibitishe hoja kwa kitabu alichosoma. Halimtaki akariri ya jirani.

Tazama Ngoswe ya Edwin Semzaba. Madesa, yale maelezo ya kukariri, yanasema uzembe kazini, basi. Lakini mwanafunzi wa mpakani, Mnyamwanga mwenye shangazi ng'ambo ya pili, Nakonde nchini Zambia, huenda akaanza na Mitomingi: mzee anayehojiwa na karani wa serikali kuhusu wake na watoto wake, kisha anazichoma karatasi za sensa. Kwa nini azichome? Hapo kuna mamlaka, kuna siri za kaya, kuna binti aliyetoroshwa. Ushahidi umo mlemle kwenye tamthiliya, tena wa kutosha.

Na hao waliokubaliana ni akina nani? Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, baadaye ikaruhusiwa. Rosa ni yuleyule. Waliobadilika ni wasomaji. Mwenzetu huyo wa "dhamira zilizokubalika" angekuwa msahihishaji enzi zile, angempa sifuri aliyethubutu kumlaumu Zakaria, babake Rosa, badala ya bintiye.