Ukuta wa kuzuia udongo: kibali kinauliza maji yataenda wapi

Masika ikikaribia, wakazi wengi wa miteremko kama ya Lushoto na Uluguru hurundika mawe nyuma ya nyumba. Fundi anaitwa, kibali hakiulizwi. Ni ukuta tu, wanasema, si nyumba.

Ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka ruhusa kabla ya kuendeleza ardhi. Kwenye ardhi ya kijiji, anzia kwa mtendaji wa kijiji. Kando ya mto ni kugumu zaidi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Wanaolalamikia gharama na kusubiri tunawaelewa. Kumlipa mhandisi achore si jambo dogo kwa mkulima. Lakini mchoro huo unajibu swali ambalo fundi wengi hulipita: maji yataenda wapi? Udongo ulioloa ni mzito, na maji yaliyonaswa nyuma ya ukuta huusukuma mpaka unaanguka. Ndiyo maana ukuta mzuri huwekewa kokoto nyuma na matundu ya kutolea maji chini.

Yakitoka hapo, mara nyingi yanaelekea kwa jirani wa chini. Huyo aonyeshwe mchoro mapema, hata kabla haujafika halmashauri. Ukuta ukianguka usiku, unaiangukia nyumba yake.

Na ada ilipwe kwa kontroo namba, si mkononi mwa mtu.