Mheshimiwa, Umeusoma Huo Mswada?



Asubuhi hii nimekaa na Nehemia sura ya 5. Watu wanalia. Wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Angalia Nehemia anavyofanya. Anakasirika, ndiyo, lakini kabla ya kusema analipima jambo moyoni. Kisha anawakabili wakubwa. Na miaka 12 ya uliwali wake hakula posho ya liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Mpendwa, hiyo ndiyo kazi ya mbunge: kusikia kilio, kupima, kisha kusema.

Sisemi tusilipe kodi. Warumi 13 iko wazi, na barabara haijengwi kwa maombi peke yake. Lakini mbunge anayesema "ndiyo" kwa mswada ambao hajausoma ametia mkono kwenye sufuria ya mjane bila hata kuangalia kilichomo.

Mnakumbuka 2023? VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Hawakulipa wenye magari tu. Nyanya na unga husafiri kwa lori, na wewe hupanda matatu.

Mwaka wa 2024, Mswada wa Fedha ulitaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Watu wakafungua kurasa, wakasoma, wakatumiana kwenye simu, wakapaza sauti. Kamati ya Fedha ikakiondoa kipengele hicho kabla ya kura. Kusoma kuliokoa mkate wa watoto! Lakini mengine yalibaki. Juni 25 wabunge 195 wakaunga mkono, 106 wakapinga, na siku hiyo hiyo vijana wetu wakafa barabarani. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Najiuliza mpaka leo: kama kilio kingesikika ndani ya Bunge mapema, kingehitaji kufika barabarani?

Nami mchungaji wenu nina la kutubu. Mheshimiwa alipokuja kwenye harambee yetu ya paa, nilimpa kipaza sauti na tukapigia bahasha makofi. Sikumuuliza alipiga kura gani. Leo mabati yako juu yetu, lakini chini yake ameketi mama anayenunua mafuta ya kupikia ya kupima, ya shilingi 20. Bwana anisamehe.

Akija tena tutamkaribisha kwa heshima. Ataketi kama waumini wengine, na baada ya ibada tutamwuliza: umeusoma mswada? Mtu wa hapa utamgusa wapi?

Nasi tufanye sehemu yetu. Katiba, kifungu cha 118, inalitaka Bunge lishirikishe wananchi. Kila mwaka kabla ya Julai mswada mpya wa fedha hufika. Vijana wa kanisa, usomeni, mtueleze kwa lugha ya nyumbani, tuandike maoni yetu. Kufunga na kuomba bila kusoma ni kumwachia Mungu kazi aliyotupa sisi.

Baba, wape viongozi wetu moyo wa Nehemia. Utupe na sisi ujasiri wa kuuliza, bila matusi na bila woga. Katika jina la Yesu.

Kama unakubaliana nami, andika AMINA, kisha mtumie mbunge wako ujumbe huu.