Kaunti zetu ziwalipie wazee na walemavu nauli

KUTOKA MLIMANI
Na Kawira Mutembei

Mzee wa Kenya aliyetimiza miaka 70 na kusajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi. Sasa mfikirie shosho anayeishi ndani kule Mbeere, mbali na lami, ambaye kila mwezi ana kliniki ya sukari katika hospitali ya rufaa ya Embu. Atapanda bodaboda hadi Kiritiri, apande matatu hadi mjini, na magoti yakimsumbua apande bodaboda nyingine hadi langoni. Kisha safari yote airudie jioni. Kama macho yamefifia hawezi kwenda peke yake, kwa hiyo atamlipia na mjukuu wa kumshika mkono. Tuseme siku hiyo imemgharimu shilingi 700. Theluthi nzima ya pesa zake imeliwa na barabara, na bado hajanunua hata kibiriti.

Wengi wao hufanya uamuzi ambao hauandikwi popote. Huacha kwenda. Kliniki ya mwezi huu huahirishwa hadi ujao, ya mwezi ujao husubiri mahindi yauzwe, na siku mzee anapofikishwa hospitali analetwa na probox iliyokodishwa usiku kwa maelfu ya pesa, mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Familia huuza mbuzi kulipia kiharusi ambacho nauli ya kwenda kuchukua dawa za presha ingeweza kukizuia.

Ndiyo maana nasema wazi: kaunti za Meru na Embu ziwalipie nauli ya matatu wakazi wote waliofikisha miaka 60 na watu wote wenye ulemavu. Sisemi wapunguziwe. Nasema wasilipe kabisa.

Najua jibu la kwanza litakalotoka kwa magavana ni kwamba mambo ya matatu ni ya serikali kuu kule Nairobi. Si kweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaorodhesha kazi za kaunti, na usafiri wa umma wa barabarani umo, pamoja na maegesho na barabara za kaunti. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Kifungu cha 54 kinataja usafiri wa umma kwa jina miongoni mwa haki za mtu mwenye ulemavu. Na Kifungu cha 260 kinasema mzee ni mtu aliyefikisha miaka 60, wakati Inua Jamii humsubiri hadi 70. Miaka kumi hiyo ya katikati ni mirefu sana kwa mtu aliyechuna majani chai maisha yake yote huko Runyenjes au Imenti Kusini.

Embu ina sababu yake ya ziada ya kutangulia. Sensa ya 2019 ilipohesabu watu wenye ulemavu, wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 2.2. Embu ilipata asilimia 4.4, ikiongoza kaunti zote 47. Takwimu hiyo ilitangazwa, ikasomwa na kuhifadhiwa kabatini. Sijaona sera yoyote ya usafiri iliyotokana nayo.

Tazama pia msaada wenyewe humfikia nani. Mtu mwenye ulemavu aliyeajiriwa na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu husamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi. Ni jambo jema na lisiguswe. Lakini fundi viatu wa Siakago anayetembea kwa magongo hana mshahara wa kusamehewa kodi. Kadi anayo, ile ile ya baraza, lakini ukimwuliza imemsaidia nini barabarani, hana jibu la kukupa. Nauli ndiyo kodi anayoilipa kila siku, na hakuna aliyefikiria kumsamehe hiyo.

Simama saa moja tu katika steji ya Embu siku ya soko utaona mambo yalivyo. Mlango wa matatu ya watu 14 ni mwembamba na ngazi yake iko juu. Kiti cha mbele karibu na dereva, ambacho kingemfaa mtu asiyekunja goti, huwa kimeshikwa mapema na kijana mwenye simu. Nilimwona mzee mmoja wa magongo akiinuliwa kwa makwapa na makanga wawili, mmoja akivuta na mwingine akisukuma, akaishia kiti cha nyuma kabisa kwa sababu gari hujazwa kuanzia nyuma. Magongo yake yakapitishwa juu ya vichwa vya watu. Mama mwenye kiti cha magurudumu ndiye huumia zaidi: kiti hukunjwa, hufungwa kwenye keria au kusukumwa chini ya miguu ya abiria, kisha makanga hukitoza nauli kama gunia la viazi. Miguu ya mtu inalipishwa kama mzigo! Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 iliagiza magari ya abiria yarekebishwe yawafae watu hawa. Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya hiyo. Kati ya sheria hizo mbili imepita zaidi ya miaka ishirini, na mlango wa matatu uko vile vile.

Lakini sitaki tumtwike makanga lawama zote. Yeye na dereva wana pesa za mwenye gari za kutimiza kabla jua halijatua. Dakika tano za kumpandisha mzee ni dakika tano ambazo gari la nyuma linampita na kubeba abiria wake. Kwa hiyo agizo tupu la kuwabeba wazee bure litawaumiza wazee wenyewe. Ushahidi uko Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi wanafunzi wamekuwa na haki ya nauli ya chini katika daladala. Haki ipo, lakini asubuhi makondakta huwazuia mlangoni na madereva huwapita vituoni, kwa kuwa kiti cha mwanafunzi huingiza pesa kidogo kuliko cha mtu mzima. Hasara ikiachiwa mwenye gari, anayebaki kituoni ni yule yule tuliyetaka kumsaidia.

Mauritius walilielewa hilo. Septemba 2005 serikali yao ilianza kuwasafirisha bure kwa basi wazee, watu wenye ulemavu na wanafunzi, na tangu mwanzo ikawa serikali ndiyo inayowalipa wenye mabasi. Miaka ishirini imepita, serikali zimeingia na kutoka, na hakuna iliyothubutu kuuondoa mpango ule. Nasi hapa Kenya dhana yenyewe si ngeni: kwenye feri ya Likoni, abiria wa miguu huvuka bila kulipa senti, tajiri kwa maskini. Kama taifa linaweza kumvusha Mkenya bure juu ya maji ya Mombasa, Mkenya mwenzake mzee anaweza kuvushwa bonde la mto Thuchi huku kwetu.

Pesa zitatoka wapi? Tuanzie steji. Kila matatu inayopakia Meru, Maua, Nkubu, Embu, Runyenjes au Siakago hulipa kaunti ada ya kutumia kituo. Kaunti ikae na Sacco za matatu ikubaliane nazo hivi: kwa kila mzee na kila mtu mwenye ulemavu aliyebebwa, nauli yake ikatwe kwenye ada ya Sacco, na ikizidi ada, kaunti ilipe tofauti kila wiki kwa simu. Mwenye gari hapotezi kitu. Makanga atamtafuta shosho kama anavyomtafuta abiria mwingine yeyote, kwa sababu kiti chake kina pesa.

Wala tusianze kwa kuchapisha kadi mpya na kununua vifaa. Mwaka 2014 serikali ililazimisha matatu zipokee nauli kwa kadi, na mpango ule ukafa. Kitambulisho cha taifa tayari kina tarehe ya kuzaliwa. Kadi ya baraza tayari inathibitisha ulemavu. Makanga aingize namba kwenye simu yake, ujumbe uende kwa msafiri au kwa mtu wake wa karibu, na safari zipewe kikomo kwa mwezi ili wajanja wasiandike abiria hewa. Wanaohitaji kliniki mara nyingi, kama wagonjwa wa figo, waongezewe kwa barua ya daktari. Na msindikizaji mmoja wa asiyeona au asiyejiweza abebwe naye bila malipo. Bila hilo mpango utakuwa nusu.

Liko jambo moja ambalo viongozi wetu wataliharibu wasipoangalia, nalo ni mipaka. Katikati ya Meru na Embu kuna Tharaka-Nithi. Mgonjwa wa Chuka huenda Embu leo na Meru kesho. Shule ya wasioona ya St. Lucy's iko Igoji, na watoto wake hufunga na kufungua shule wakipita barabara hiyo hiyo inayounganisha Embu na Meru. Haki inayokatika mpakani haimfikishi mtu hospitali. Uingereza walianza hivyo: mwaka 2006 wazee wa maeneo ya England walipata safari za bure ndani ya eneo lao tu, na ikabidi sheria nyingine ipitishwe ili kuanzia Aprili 2008 waweze kupanda basi la mtaani popote England. Sisi tusipoteze miaka hiyo miwili. Magavana watatu wakae meza moja na kutia saini mkataba mmoja tangu mwanzo.

Kama kaunti zinaogopa gharama, zianze na njia chache kwa mwaka mmoja. Embu ichukue ile ya Kiritiri na ile ya Ishiara. Meru ichukue ya Maua. Zihesabu safari, zilipe, kisha zitueleze ni wagonjwa wangapi zaidi waliofika kliniki.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaitaka serikali ya kaunti ifikishe makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kusikizwa kabla hayajapitishwa. Vikao hivyo hujaa vijana na makandarasi, kwa sababu wazee hawana nauli ya kuvifikia. Wewe unayesoma haya, na una uwezo wa kufika, nenda. Simama umwombe mwakilishi wa wadi yako ataje kiasi kamili cha nauli ya wazee na watu wenye ulemavu kitakachoingia katika bajeti ya mwaka huu, na usikae chini kabla hajakujibu.