Mazembe: kujenga timu upya si ruhusa ya kushindwa

Msimu huu wa 2025-2026 mji wa Lubumbashi umekuwa na timu katika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Timu hiyo ni Saint-Éloi Lupopo, si TP Mazembe. Kwa mtu wa mbali, hilo ni jambo la kawaida la kabumbu: leo huyu, kesho yule. Kwa shabiki wa Kamalondo ni kidonda. Klabu iliyobeba kombe hilo mara 5, mwaka wa 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, imebaki kutazama jirani yake akipambana na Mamelodi Sundowns na Al Hilal ya Sudan.

Ndiyo sababu mabishano yamekuwa makali kati ya wapenzi wa Mazembe. Wako wanaosema timu ivunjwe yote, vijana wa akademi ya Katumbi wapewe uwanja, na mashabiki wakubali kuumia miaka miwili au mitatu. Wengine hawataki hata kusikia neno hilo. Kwao Mazembe haijifunzi, Mazembe inashinda. Kama wachezaji waliopo hawatoshi, wanunuliwe wengine.

Kila upande una haki yake, lakini pande zote mbili zimeacha nje jambo moja: hapa kwetu Afrika kushindwa hakulipi chochote.

Wazo la kuvunja timu kwa makusudi ili ijengwe upya lina nguvu zaidi Marekani, hasa katika besiboli. Huko timu ya Houston Astros ilipoteza mechi 106 mwaka wa 2011, 107 mwaka wa 2012, na 111 mwaka wa 2013. Ni mechi 324 ndani ya misimu 3. Mashabiki walilia, lakini viongozi walijua wanachofanya. Katika ligi ile, timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo iliyokuwa inachagua ya kwanza kati ya vijana wapya wanaoingia kwenye mchezo. Kwa njia hiyo Astros walimpata Carlos Correa mwaka wa 2012, na mwaka wa 2017 wakawa mabingwa. (Ubingwa huo ulichafuka baadaye, ilipojulikana kwamba walikuwa wakiiba ishara za wapinzani kwa kamera, lakini hiyo ni habari nyingine.) Chicago Cubs nao walipoteza mechi 101 mwaka wa 2012, na mwaka wa 2016 wakachukua taji walilolingoja kwa miaka 108.

Hata huko dawa hiyo haiponyi kila mgonjwa. Chicago White Sox, wa mji huohuo, walianza kuvunja timu yao mwishoni mwa mwaka wa 2016 kwa kumtoa Chris Sale, mmoja wa warusha mpira bora wa wakati wake. Walipata nini? Walifika hatua ya mtoano mwaka wa 2020 na 2021, wakatolewa mapema mara zote mbili, na mwaka wa 2024 wakapoteza mechi 121, idadi ambayo timu ya zama hizi ilikuwa haijawahi kuifikia. Ligi yenyewe imeona ubaya wa mchezo huo. Tangu mwaka wa 2023 nafasi 6 za kwanza za kuchagua vijana zinapigiwa kura ya bahati, ili timu zisifungwe kwa kupenda.

Sasa tuiweke Mazembe mahali pa Houston. Ikimaliza ya mwisho katika Linafoot, hakuna mtu atakayeiletea kijana bora wa nchi mlangoni. Itashuka daraja. Ikimaliza ya tatu, haitaingia Ligi ya Mabingwa, kwa kuwa Kongo ina nafasi mbili tu. Na nafasi hiyo ni pesa. Kwa viwango ambavyo CAF ilivitangaza mwaka wa 2023, bingwa alikuwa anapata dola milioni 4, na hata timu inayoburura mkia katika kundi ilikuwa inapewa dola 700,000. Klabu inayosema «tunajenga, tuvumilieni» inayaacha mapato hayo, halafu inategemea kuwalipa vijana wake kwa mfuko uleule uliopungua. Kijana naye anaona. Anataka acheze mahali atakapoonekana, na dirisha la mchezaji wa Kongo ni mechi za Afrika, si mechi ya Jumatano mchana mbele ya viti vitupu.

Kwa hiyo wanaotaka timu ivunjwe wamekosea hesabu. Je, wanaotaka kununua wako sawa?

Inafaa kukumbuka ile timu kubwa ilitoka wapi. Wengi wanapozungumza kuhusu mwaka wa 2010 wanakumbuka Abu Dhabi: Internacional ya Brazil ikifungwa 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la klabu, na kipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio uwanjani. Mazembe ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo, hata kama Inter Milan waliishinda 3-0. Wachache wanakumbuka kwamba Kidiaba na Trésor Mputu walikuwa wameingia Mazembe tangu mwaka wa 2002. Kombe la Afrika lilikuja mwaka wa 2009. Ni miaka 7 ya kucheza pamoja, kufungwa pamoja, kujua mwenzako atakimbilia wapi kabla hajakimbia. Timu ilikuwa imara kiasi kwamba mwaka wa 2010, Mputu akiwa amefungiwa kwa kosa la kumshambulia mwamuzi huko Rwanda, wenzake walichukua kombe bila yeye, wakiinyoa Espérance ya Tunis 5-0 katika fainali ya kwanza mjini Lubumbashi.

Mbwana Samatta naye alinunuliwa kutoka Simba ya Dar es Salaam mwaka wa 2011. Kweli, alinunuliwa, na mfano wake hutajwa sana na wale wanaotaka klabu ifungue mfuko. Lakini alikuwa kijana asiyejulikana nje ya nchi yake, na aliachwa akomae. Alikaa hadi Januari 2016, akaondoka kwenda Genk ya Ubelgiji akiwa tayari amechukua Ligi ya Mabingwa ya 2015 na akiwa mmoja wa wafungaji bora wa mashindano. Hivyo Mazembe ilipata mabao kwanza, kombe likafuata, na pesa ya kumuuza ikaja mwisho. Leo mpangilio huo umegeuzwa. Jackson Muleka, mzaliwa wa Lubumbashi, aliuzwa kwa Standard Liège mwaka wa 2020 akiwa na miaka 20. Hakuna wa kumlaumu kijana kwa kwenda Ulaya, wala klabu kwa kuhitaji pesa. Lakini timu inayouza mshambuliaji wake wakati ndiyo kwanza anaanza kuiva haiwezi kushangaa inapokosa mabao Cairo.

Na sokoni mambo yamebadilika. Zamani Mazembe ndiyo iliyokwenda Tanzania kuchukua wachezaji. Sasa Yanga na Simba wanakuja Kongo. Fiston Mayele alitoka AS Vita akaenda Yanga mwaka wa 2021, kisha Pyramids ya Misri, na mwaka wa 2025 akawa bingwa wa Afrika na mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union akaenda Yanga. Henock Inonga alitoka DCMP akaenda Simba. Ukitaka kuona uzito wa jambo hilo, tazama mechi za Mazembe na Yanga: kati ya Februari 2023 na Januari 2025 timu hizo zilikutana mara 4 katika mashindano ya Afrika, Mazembe ikafungwa mara 3 na kutoka sare mara moja. Hata Lubumbashi haikupata ushindi. Klabu iliyoizoea Afrika ikitetemeka Kamalondo imefungwa nyumbani na timu iliyojengwa, kwa sehemu, kwa miguu ya Wakongomani.

Kushindana na mfuko wa Cairo, Pretoria au Dar es Salaam kwa kununua ni kama kumfukuza pundamilia kwa baiskeli. Mchezaji aliyeiva anagharimu zaidi kuliko Mazembe inavyoweza kulipa, na yule ambaye bei yake inawezekana mara nyingi ndiye wale wengine waliyemkataa. Tena, klabu imetegemea kwa muda mrefu uwezo wa mtu mmoja, Moïse Katumbi, anayeiongoza tangu mwaka wa 1997. Bila yeye kombe la 2009 lisingekuja. Hilo hata wapinzani wake wa siasa wanalijua. Lakini Katumbi ni mwanasiasa katika nchi ambayo siasa haina huruma. Kuanzia Mei 2016 hadi Mei 2019 alikuwa uhamishoni. Mpango wa timu unaosimama juu ya mfuko wa mtu mmoja unalala pale anapolala mtu huyo.

Kuna ushahidi wa karibu kwamba njia ya tatu ipo. Aprili 2023 Mazembe ilimaliza ya mwisho katika kundi lake la Kombe la Shirikisho, ikiwa na pointi 3 tu. Aprili 2024, chini ya kocha Lamine N'Diaye yuleyule wa Abu Dhabi, ilikuwa katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Al Ahly waliitoa, 0-0 Lubumbashi na 3-0 Cairo, lakini kati ya siku hizo mbili kulikuwa na mwaka mmoja peke yake, na msimu huo Mazembe ilichukua pia ubingwa wa Kongo na kuifunga Mamelodi Sundowns nyumbani. Yaani inawezekana kujenga huku ukipigania mataji. Msimu uliofuata timu ikamaliza tena ya mwisho katika kundi, na Linafoot ikachukuliwa na Aigles du Congo, klabu ambayo ilikuwa haijawahi kuonja ubingwa. Mashabiki wanauliza nani alaumiwe. Swali lenye faida zaidi ni kwa nini Mazembe ya 2024 haikupewa miaka 3 kama ile ya Mputu ilivyopewa 7.

Kwa hiyo timu ijengwe kwa vijana, ndiyo, lakini lengo la kila msimu libaki nafasi mbili za juu za Linafoot. Si lazima kombe la Afrika mwakani. Kurudi kwenye makundi ni lazima. Vijana wa akademi, iliyoanzishwa mwaka wa 2012, wapewe mikataba mirefu mapema, kabla hawajatajwa redioni, na klabu iseme wazi kwamba hakuna atakayeuzwa kabla ya kucheza misimu miwili ya Afrika. Pesa ya kununua, kama ipo, iende kwa wazoefu watatu au wanne wa kuwaongoza: beki mmoja, kiungo mmoja, labda kipa. Si wachezaji 12 wapya kila Julai wanaofahamiana kwenye basi. Na kocha asipimwe kwa mechi tatu.

Wapo watakaosema kwamba mpango kama huo ni ndoto katika ligi isiyo na kalenda. Hawasemi uongo. Linafoot ya 2022-2023 haikumalizika, na vita vya mashariki vimezivuruga klabu za Goma na Bukavu kwa namna ambayo kuzungumza nao kuhusu «mradi wa miaka mitatu» ni kama dhihaka. Mazembe haina udhuru huo wote. Ina uwanja wake wenyewe Kamalondo tangu mwaka wa 2011, ina akademi, ina jina. Lupopo wameingia makundi wakitoka katika ligi hiyohiyo, yenye mapengo yaleyale.

Kinachokosekana ni kauli. Viongozi wa klabu hawajawaeleza wapenzi ni kipi wanachokitafuta msimu ujao na ni wachezaji gani hawauzwi kwa bei yoyote. Dirisha la usajili likifunguliwa, orodha ya wanaoingia itasomwa kwa shangwe kama kawaida. Itafaa watu waisome kwanza ile ya wanaotoka, na wahesabu ni wangapi kati yao hawajafikisha miaka 22.