Boni haiko mushahara, pointi haiko zawadi

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi mama zetu munaobeba kitunga kila siku: tangu Kolwezi mpaka Kipushi, mwisho wa mwezi sasa tunaletewa makaratasi na kadi. Kuko makampuni yanatoa boni ya chakula. Magazini za mujini zinatoa kuponi ya kupunguza bei, na ile kadi ya pointi wanaita ya fidelite. Watu wengi wananiuliza, juu mimi niko mutu wa sendika: hivi vitu vyote, tukiviunganisha, vinaweza kutusaidia kweli, ao wanatuchezea akili?

Jibu langu ni hili. Vinaweza kusaidia, lakini kwa masharti mbili. Ya kwanza: ninyi ndio munachagua cha kununua, si karatasi inawachagulia. Ya pili: boni inakuja juu ya mushahara, haikuje pahali pa mushahara. Pale sharti moja inakosa, ile faida inarudi kwa mwenye duka ao kwa mukubwa wa kazi, na sisi tunabakia na kadi muzuri mufukoni.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme muko na kitunga cha dola 100, na kuponi inapunguza asilimia 10. Munalipa dola 90. Kiisha kadi ya pointi inarudisha asilimia 5. Watu wengi wanasema: 10 na 5 ni 15. Hapana. Zile pointi zinahesabiwa juu ya pesa mulizolipa, ni kusema juu ya 90, na zinatoa dola 4 na nusu. Yote pamoja mumeokoa dola 14 na nusu. Tena zile 4 na nusu hazirudi mukononi leo. Zinabakia ndani ya kadi, na zinawalazimisha kurudi kwa duka ile ile. Kama pointi zinakufa kisha miezi fulani na hamukurudi, mumepata 10 tu. Njo maana pesa ya kuponi muihesabu kama pesa, lakini pesa ya pointi muihesabu kama ahadi.

Pia musome maandishi madogo ya chini. Kuko kuponi inaandikwa kwamba haiunganishwi na promosio ingine. Kuko ingine inataka ununue kwanza kwa kiasi fulani. Muulize mutu wa kesi mbele ya kupanga vitu, si kisha kulipa. Na tike ya kesi muichunge, juu bila tike hakuna neno munaweza kudai.

Sasa neno kubwa zaidi. Kuponi inapunguza bei, lakini inapunguza bei ya nani? Tuseme mufuko wa unga wa kilo 25 kwa magazini ni dola 22, na pointi zinarudisha senti 44. Kwa depo ya soko mufuko ule ule ni dola 19, bila kadi, bila kuponi. Mutu anayefuata pointi amepoteza dola 2 na senti 56, na anarudi nyumbani anafurahi. Hizi bei ni za mufano tu; muende muulize za kwenu. Lakini muulize kila mara, mbele ya kutoa kadi: bila hii kadi, ningelipa ngapi pahali pengine? Na usafiri pia muuweke ndani ya hesabu. Kupanda taksi kwenda mujini juu ya kuponi ya dola 2, hiyo haiko kuokoa.

Kwa hiyo mupange hivi. Kwanza, liste ya nyumba: unga, mafuta, chumvi, sabuni, sukari, makayabo, vitu munakula kweli. Pili, mutafute bei ya chini ya kila kitu. Tatu, muangalie kama kuko kuponi ya kitu kilichoandikwa tayari ndani ya liste. Nne, pointi zikuje mwisho, kama kitu cha juu. Mutu anayeanza na kuponi anarudi na biskuti na juisi, na bukari ya watoto haina unga. Kuponi ya kitu usichohitaji ni matumizi, hata kama wameandika juu yake neno la kuokoa.

Adui mwingine wa hesabu ni deni. Tarehe 15 ikifika, wengi wetu tunaenda kukopa kwa ile watu wanaita banki lambert. Unachukua dola 50, mwisho wa mwezi unarudisha 65. Hiyo ni asilimia 30 kwa wiki mbili. Hakuna kadi ya fidelite hapa duniani inaweza kurudisha asilimia 30. Basi mutu anayeunganisha kuponi na pointi, lakini anaishi na deni ya namna hiyo, ni sawa mutu anachota maji kwa kikombe ndani ya pipa lenye tundu chini. Tundu lizibwe kwanza. Dola 5 zinazookolewa kila mwezi kwa soko zikae pembeni, ao ziingie mu likelemba ya kartie, mpaka siku hamutakwenda tena kugonga kwa mulango wa mukopeshaji.

Sasa niseme juu ya boni ya kampuni, maana hapa njo moto unawaka. Wazee wetu wanajua hii njia tangu zamani. Wakati wa Union Minière mufanyakazi alipewa posho: unga na vyakula vingine. Gécamines iliendelea na unga, hospitali, masomo, mpaka watu wakasema kampuni njo baba, njo mama. Ilikuwa vizuri pale baba alikuwa na nguvu. Pale baba alianguka, mushahara na unga vilikosa siku moja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines kwa ile wanaita departs volontaires, na nyumba nyingi ziligundua kwamba hazikuzoea kununua unga kwa pesa yao. Hiyo ni fundisho: kitu unachopewa kwa mukono wa mukubwa, anaweza kukirudisha ndani ya mufuko wake siku yoyote.

Na haiko kwetu tu. Kule Uingereza, zamani, wakubwa wa viwanda na wa migodi walilipa watu kwa karatasi za duka la kampuni, na bei ya duka ilikuwa juu. Mu mwaka 1831 ilibidi sheria kubwa ikuje kukataza ile njia. Kule Marekani, mu migodi ya makaa ya mawe, kampuni zilitengeneza hata pesa yao wenyewe, yenye kutumika kwa duka la kampuni peke yake. Mufanyakazi alichimba mwezi muzima, na mwisho alikuta yeye njo mwenye deni.

Juu ya hiyo, Shirika la Kazi la Dunia, ile OIT, liliandika mu mwaka 1949 Mapatano namba 95 juu ya kulinda mushahara. Inasema wazi: mushahara wa pesa ulipwe kwa pesa yenye kukubaliwa na serikali, kulipa kwa boni ao kuponi pahali pa pesa kukatazwe. Inasema tena mukubwa wa kazi asimuzuie mufanyakazi kutumia mushahara wake vile anataka, na asimulazimishe kununua kwa duka la kampuni. Chakula kinaweza kuwa sehemu ya malipo, kama sheria ao mapatano ya kazi yanaruhusu, lakini kwa bei ya haki na kwa faida ya mufanyakazi na jamaa yake. Ma delege, muweke ile karatasi mukononi siku ya mazungumuzo.

Maana mazungumuzo yanaendelea hivi siku hizi, zaidi kwa makampuni ya sutretansi: munaomba nyongeza ya dola 40, wanawajibu, tutawapa boni ya dola 40. Watu wanapiga mikono. Mungoje kwanza. Muulize maulizo ine. Moja: hii boni inaandikwa kwa fishi ya mushahara? Mbili: siku ya kutoka kazi, itahesabiwa ndani ya dekonti ya mwisho? Na kwa CNSS, kwa pensio ya uzee, itahesabiwa? Tatu: inakubaliwa kwa duka moja tu, ao popote? Ine: inakufa tarehe gani? Kama majibu ni hapana, hapana, duka moja, na mwisho wa mwezi, basi ile 40 haiko 40. Nimeona wafanyakazi wanauza boni ya dola 30 kwa dola 22 inje ya mulango, juu mutoto amefukuzwa kwa masomo na masomo hawakubali boni. Zile dola 8 zilitoka kwa jasho lao. Kama ingekuwa mushahara, hakuna mutu angezikata.

Sisemi tukatae boni. Kampuni ikitoa boni juu ya mushahara muzima, tuchukue, tuunganishe na kuponi kama duka inakubali, tununue unga na mafuta ya nyumba. Nasema tu tusiuze nyongeza ya mushahara kwa bei ya karatasi.

Lakini kuko njia ingine, na kwangu njo kubwa kuliko zote. Ile wazo ya kurudishia mununuzi sehemu ya faida, wafanyakazi waliijua mbele ya magazini za leo. Mu mwaka 1844, kwa muji wa Rochdale kule Uingereza, watu 28, wengi wao wafuma nguo, walichanga pesa na kufungua duka lao. Walianza na vitu kidogo: unga, siagi, sukari, unga wa shayiri. Kanuni zao zilikuwa ngumu: hakuna kukopesha, kila mutu analipa kesi, kipimo ni cha kweli, na faida inarudi kwa wanamemba kwa kiasi cha kila mutu alichonunua. Ile njo fidelite ya kweli. Faida yote ilikuwa yao, maana duka lilikuwa lao.

Sisi tunaweza kuanza bila duka. Nyumba kumi za kartie moja zinachanga siku ya mushahara, zinatuma watu wawili wenye kuaminiwa kwa depo, zinanunua mifuko kumi ya unga na bido za mafuta kwa bei ya jumla. Usafiri unagawanywa kwa kumi. Kama kuko kuponi ya kununua vingi, inatumika kwa wote mara moja, na pointi zinaandikwa mu kaye, kila mutu kwa kiasi alicholipa. Mama mumoja achunge kaye, mwingine achunge pesa. Musiweke vyote viwili kwa mutu mumoja. Mukishazoea, sheria iko. Kongo iliingia mu OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya kooperative inaruhusu watu tano tu kuanzisha kooperative ndogo.

Kwa sendika zote za migodi, ninaomba mambo matatu yaingie mu mapatano ya pamoja. Nyongeza iwe pesa, na iandikwe kwa fishi. Boni yote itumike kwa duka zaidi ya moja, na isikufe mbele ya miezi mitatu. Na ma delege waruhusiwe kuangalia bei za duka linalopokea boni, walinganishe na za soko.

Na kwa mama ao baba anayekwenda kununua kesho: mwandike liste leo usiku. Kuponi ikubaliane na liste, si liste ikubaliane na kuponi. Kazi ya chini ya udongo ni ngumu. Pesa yake isipotee kwa kesi ya duka.