Safari ya Kutazama Majani



Siku hizi vijana wetu walio ng'ambo hawatosheki kuwapelekea wazee wao fedha na nguo. Wengine huwaalika waende wakatembee. Mwaliko mmoja wa namna hiyo umewashangaza watu wa hapa Kinyangiri: kupanda meli huko Kanada, si kwa biashara, bali kutazama majani ya miti yakigeuka rangi. Wapo waliocheka. Mimi sioni la kuchekwa, ila safari hiyo ina hesabu zake, na asiyezijua atafika akute matawi matupu.

Majira hayo huja Septemba na Oktoba, nchi za kaskazini zinapoingia baridi. Vitabu vyetu huyaita vuli, jina ambalo kwetu ni la mvua, basi lisimdanganye mtu. Hapa Kinyangiri mchana mrefu kabisa wa mwaka na ule mfupi kabisa hupitana kwa kiasi cha nusu saa tu. Kule Quebec, mwanzo wa Oktoba, mchana hupungua dakika kama tatu kila siku. Mti huuhisi upungufu huo. Rangi ya kijani, ambayo wataalamu huiita klorofili, huvunjika wala haitengenezwi nyingine, na manjano iliyokuwa imefichwa ndani ya jani siku zote ikaonekana. Ama wekundu ni kitu kipya: jani huutengeneza kwa sukari iliyobaki ndani yake, nao hukolea mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha maji. Usifiwao kuliko yote ni ule mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada tangu mwaka 1965. Kisha upepo na mvua ya usiku mmoja huweza kuyaangusha yote.

Kwa hiyo tarehe haiwekwi na likizo ya kijana. Kandokando ya mto Saint Lawrence, kati ya Montreal na Quebec, majani huwa katika uzuri wake tangu mwisho wa Septemba hadi kuelekea katikati ya Oktoba. Pwani ya Halifax, ambako bahari huichelewesha baridi, huwa nyuma kidogo. Meli iteremkayo mto mwanzo wa Oktoba huifuata rangi. Ile ipandayo hupishana nayo njiani.

Lakini nyingi katika meli hizo huishia Boston au New York, yaani Marekani. Viza ya Kanada haimfungulii mtu mlango wa Marekani; Mtanzania huhitaji zote mbili, na kila moja ina masharti yake. Kwa mzee atokaye kijijini ningechagua meli isiyogusa bandari ya Marekani kabisa. Tena alama za vidole hutolewa na mwombaji mwenyewe, hazitumwi kwa posta. Atakaye kusafiri Oktoba na aanze kuomba mara amalizapo kuvuna.

Sisi hapa tukisali huelekea kaskazini; kule Qibla ni kaskazini mashariki, na meli hupinda kila saa, basi asikose dira. Nyakati za sala nazo husogea kila siku kwa sababu ile ile ya mchana kupungua. Habari ya nguruwe na mvinyo iambiwe kampuni siku ya kukata tiketi, si mezani.

Mzee mmoja alitaka kuuza jozi ya maksai wake ili asiwe mzigo kwa mwanawe aliyemwalika. Nikamkataza. Mvua yetu huanza mwisho wa Novemba au Desemba. Angerudi na picha za majani, na shamba halina wa kulilima. Aliyealika ndiye alipe, na kama hana, aseme. Swali la mkewe lilikuwa bora kuliko letu sote: watakaa na wajukuu siku ngapi kabla ya meli? Katika karatasi za safari haikuandikwa hata moja. Walikuwa washuke ndegeni, wapelekwe bandarini. Hilo halifai. Wakae nyumbani kwa kijana wiki mbili kwanza, mwili nao upate kuizoea baridi, kwani mchana wao wa Oktoba ni kama alfajiri yetu ya Julai, na juu ya sitaha kuna upepo. Makoti wanunue huko huko.

Na asiye na mwana Kanada asione amenyimwa. Septemba na Oktoba hizo hizo, kabla tone la mvua halijashuka, miombo ya magharibi ya Manyoni na ya Tabora huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba. Kule jani huwa jekundu likifa. Hapa huwa jekundu likizaliwa. Huonekana kutoka dirisha la basi, mahali ambapo miti haijachomwa mkaa, na baada ya muda mfupi yote huwa kijani.