CHUMA AU PLASTIKI? Ubishi wa bastola za mashindano na kwa nini unatuhusu sisi wa Mara

Leo naomba tuongee bastola. Na kabla hujaanza ule utani wenu wa "watu wa Mara bwana, kila kitu silaha", soma kwanza mpaka mwisho ndio ufungue mdomo.

Mnaikumbuka ile picha ya Mturuki? Olimpiki ya Paris, Julai 2024. Yusuf Dikeç, mzee wa miaka 51, kavaa fulana, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, mwingine kanyoosha bastola kama anamwelekeza mtu njia ya kwenda stendi. Tarehe 30 Julai yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan wakachukua fedha, dhahabu ikaenda kwa Waserbia, Zorana Arunović na Damir Mikec. Dunia nzima ikaanza kuigiza lile pozi. Hapa kwetu vijana walipigana picha pale Mwigobero kando ya ziwa, mkono mfukoni, mwingine kashika chupa ya maji.

Sasa juzi nipo kafe moja ya Nyasho, jamaa wawili wakaanza kubishana. Mmoja anasema bastola ya maana ni ya chuma mpaka mpini, hii ya plastiki ni "ya Kichina tu, ukiiangusha inapasuka". Mwingine anasema chuma ni mambo ya kizamani, siku hizi hata majeshi makubwa yanabeba plastiki. Mwenye kafe akaongeza sauti ya redio ili wanyamaze, wakaongeza zao. Nikaenda nyumbani na huo ubishi kichwani, nikausoma siku tatu. Nilichokikuta ni kwamba wote wawili walikuwa wanabishana juu ya kitu kidogo na kukiacha kikubwa.

Tuanze na hicho kidogo.

Kwanza, ile bastola ya Mturuki si ya chuma wala ya plastiki kwa maana waliyokuwa wanabishania. Ni bastola ya upepo, inatoa kidude cha milimita 4.5 kwenda shabaha iliyo mita 10. Haichomi baruti, kwa hiyo hairudi nyuma kwa nguvu. Sheria za shirikisho la kimataifa la ulengaji, ISSF, zinataka isizidi gramu 1,500 na kifyatulio kisiwe laini kuliko gramu 500. Na mipini ya bastola za namna hii kwa miaka mingi imekuwa MBAO. Mti wa wozi, unachongwa kufuata kiganja. Mlengaji anaununua ukiwa mkubwa kidogo, halafu anakaa na msasa anapunguza hapa, anajaza gundi ya mbao pale, mpaka vidole viingie kama mguu kwenye kandambili ya zamani. Mbao inanyonya jasho, haiunguzi, haigandishi. Yaani wale jamaa walibishana saa nzima na jibu la picha waliyokuwa wanaiangalia lilikuwa la seremala.

Chuma na plastiki vinagombana kwenye mashindano ya aina nyingine, yale ya baruti kweli, mtu anakimbia, anapiga huku anahesabiwa sekunde. Kuna IPSC, ambao mashindano yao ya dunia ya bastola ya mwaka 2025 yalifanyika Afrika Kusini. Kuna IDPA, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, na hii imefika mpaka kwa majirani zetu: Kenya wamiliki wa bastola wenye leseni wanashindana kwa mtindo huo pale Kirigiti, Kiambu.

Huko bastola mbili zinatosha kueleza hadithi yote. Glock 17 ya Austria, iliyoingia kwenye jeshi la nchi hiyo mwaka 1982, fremu na mpini ni plastiki ngumu ya aina ya nailoni, na bila magazini ina uzito wa gramu 630 hivi. Halafu CZ Shadow 2 ya Jamhuri ya Cheki, iliyotoka mwaka 2016, fremu ya chuma kitupu, vibao vya mpini ni alumini iliyochongwa mikwaruzo, gramu 1,330 hivi. Kama mara mbili hivi.

Kwa nini mtu ajibebeshe mzigo? Hapa rudi kwenye ile Newton ya sekondari ambayo wengi tulikariri tu. Risasi ya milimita 9 ina gramu 8 hivi, inatoka kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde. Zidisha, unapata 2.8. Hiyo 2.8 lazima irudi kwenye bastola. Ukiwa na bastola yenye risasi zake ndani ya gramu 900, inarudi nyuma kwa kasi ya mita 3.1 kwa sekunde. Ukiwa na ya gramu 1,500, inarudi kwa 1.9 tu. Mtutu hauruki sana, jicho halipotezi alama, risasi ya pili inafuata mapema. Kwenye mchezo unaopimwa kwa sehemu ya mia ya sekunde, hiyo ndiyo tofauti ya kombe na kurudi nyumbani. Ndiyo maana wapo hata wanaotoa mpini wa plastiki kwenye bastola zao na kuweka wa alumini au shaba kwa ajili ya uzito tu. Na ndiyo maana IDPA wameweka kikomo cha uzito kwa kila daraja, maana wangeachiwa watu wangekuja na nanga.

Kwa hiyo jamaa wa chuma kashinda? Subiri. Simama Bunda mjini saa saba mchana mwezi wa pili, weka ufunguo wa chuma na kifuniko cha plastiki juani, halafu vishike vyote viwili. Alumini inapitisha joto karibu mara elfu moja kuliko plastiki. Na huku ziwani kuna shida nyingine, unyevu. Muulize mvuvi yeyote misumari ya mtumbwi inaishi muda gani. Chuma kinataka mafuta na kitambaa kila siku, plastiki haijui kutu. Halafu bei: Shadow 2 inauzwa Ulaya na Marekani zaidi ya dola 1,000, karibu mara mbili ya Glock. Hukumu yangu ni hii: anayekwenda kushindana Jumamosi na kurudisha bastola kwenye kasha, chuma. Anayetembea nayo kiunoni kutwa nzima, plastiki. Mimi nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, bunduki yenyewe ilikuwa na mbao, na nikiri tu kwamba jasho la mkono wangu lilikuwa la woga, mpini wowote ungeteleza.

Na ile ya "plastiki haionekani uwanja wa ndege" tuiache kwenye vibanda umiza. Ilienezwa na sinema ya Bruce Willis, Die Hard 2 ya mwaka 1990, na bastola waliyoitaja mle haijawahi kuwepo. Mtutu, kifuniko cha juu kinachotembea, springi na risasi vyote ni chuma, na ndivyo vyenye sehemu kubwa ya uzito. Mashine inaiona vizuri sana.

Haya, sasa hicho kikubwa.

Kila bunduki halali ina namba. Namba ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Kama bastola imekamatwa kwenye uhalifu Musoma, polisi wanasoma namba, wanauliza kiwanda, kiwanda kinasema iliuzwa nchi fulani mwaka fulani, wanafuata mpaka wanampata aliyeipoteza, aliyeiuza au aliyeikodisha. Kwenye fremu ya chuma namba inagongwa au inachongwa. Na chuma kina tabia moja nzuri: kikigongwa kinaumia mpaka ndani. Mhalifu akikwangua juu, mara nyingi wataalamu wa maabara wanaweza kuirudisha ile namba, kwa sababu alama bado ipo chini kwenye mkao wa chuma chenyewe. Plastiki haina kumbukumbu ya namna hiyo. Kilichotoka, kwa sehemu kubwa kimetoka.

Ndiyo maana viwanda vya bastola za plastiki vinapachika kipande cha bati la chuma ndani ya fremu na kuandika namba humo. Marekani wanalazimisha hivyo kwa fremu za plastiki, na namba iwe na kina kisichopungua inchi 0.003, yaani karibu milimita 0.08. Umoja wa Mataifa ulipitisha makubaliano ya ufuatiliaji wa silaha ndogo mwaka 2005, na miaka iliyofuata suala la fremu za plastiki likaingia kwenye mazungumzo yake, kwa sababu bati dogo si sawa na fremu nzima.

Halafu ikaja mtindo mpya zaidi. SIG P320 ya mwaka 2014, ambayo aina yake ilichaguliwa na jeshi la Marekani Januari 2017, mpini ni kitu cha kubadilisha kama kava ya simu. Wa plastiki mdogo, wa plastiki mkubwa, wa alumini kwa ajili ya mashindano, unavyotaka. Namba ipo kwenye kasha dogo la chuma la ndani lenye mitambo ya kifyatulio. Kile ambacho mimi na wewe tungekiita "bastola", yaani ule mpini unaoushika mkononi, hakina namba yoyote inayokihusu! Ukiandika kwenye daftari la kituo "bastola nyeusi mpini wa plastiki", wiki ijayo inaweza kuwa ya fedha, mpini wa alumini, na ni ileile.

Kwa nini hili linatuuma sisi kuliko watu wa mikoa mingine? Kwa sababu historia yetu na bunduki zisizo na karatasi ni ndefu. Mtafiti Michael Fleisher, kwenye kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wizi wa mifugo Tarime, ameeleza jinsi askari waliorudi kutoka vita ya Uganda mwaka 1979 walivyorudi na silaha, na jinsi wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki na mishale ukageuka wa risasi. Wazee wa Butiama na vijiji vya jirani hawahitaji kitabu kuwaambia hilo, wao walilala kwenye maboma. Upande wa Bunda, karibu na hifadhi ya Serengeti, kuna magobore ya wawindaji haramu, mtutu wa bomba, kitako cha mti wa porini, yamezaliwa bila namba kabisa. Na ziwani wavuvi wanavamiwa usiku, injini zinaondoka, wao wanaachwa na kasia kama wana bahati.

Serikali haijakaa kimya, tuseme ukweli. Tanzania ilisaini Itifaki ya Nairobi ya silaha ndogo Aprili 2004, inayotaka silaha ziwekwe alama. RECSA, taasisi ya kusimamia itifaki hiyo yenye makao Nairobi, imegawa mashine za kuchonga alama kwa nchi wanachama, na sisi tumo. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi. Mwaka 2016 kukawa na uhakiki wa silaha za raia, mpaka Rais Magufuli alihakiki za kwake. Na Umoja wa Afrika umetenga Septemba ya kila mwaka, mpaka 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari.

Lakini angalia mfumo huu wote umejengwa kichwani na nani. Umejengwa na watu waliozoea chuma. Mashine inagonga nukta kwenye chuma, daftari linaandika namba ya fremu. Wakati huo huo soko la dunia limehamia plastiki. Hata ukoo wa "Ceska", ile bastola ambayo ukisoma magazeti ya Kenya haipiti wiki haijatajwa, sasa una watoto wa chuma na watoto wa plastiki wanaotoka kiwanda kimoja. Na Kenya ni hapo Sirari tu.

Ninachodai si kupiga marufuku plastiki. Hiyo ingekuwa sawa na kupiga marufuku bodaboda kwa sababu majambazi wanazipanda. Ninachodai ni kwamba uhakiki mwingine ukija, kila bastola ya raia iandikwe namba sehemu tatu, na zote ziwe chuma: mtutu, kifuniko cha juu, na lile bati au kasha la ndani. Afisa asiandike ya mpini kabisa, mpini ni nguo. Na mmiliki akibadilisha mtutu, iwe kama mwenye gari anapobadilisha injini: anaripoti, kadi inabadilishwa. Ni kazi ya dakika chache kwa mashine ambazo tayari zipo.

Najua kuna mtu ataniuliza, "dogo, wewe huna hata manati, unawashwa nini?" Sina, kweli. Ila nina mjomba mvuvi anayelala ziwani siku tano kwa wiki, na wale wanaomjia usiku hawamwonyeshi leseni.

Jana nimepita tena kafe. Wale jamaa wawili wapo, safari hii wanabishana kama mzee Dikeç angevaa ile miwani mikubwa ya walengaji angepata dhahabu. Nimelipia nusu saa, nikakaa kompyuta ya mwisho karibu na dirisha.